Msomaji Akinuna, Usifute: Anza Nyingine

Mdogo wangu wa Kadutu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa sababu wamekusema. Hongera kwa sababu ili wakuseme ilibidi kwanza wakusome, na katika mji huu wetu wa Bukavu, ambamo mtu akipata franka za ziada anawaza unga, makaa na ada ya shule kabla ya kuwaza kitabu, hadithi ya fotokopi iliyotoka Kadutu ikafika Nguba, ikashuka mpaka Panzi, na kurudi kwa mwenyewe ikiwa na alama za mafuta ya mandazi, hiyo si haba hata kidogo.

Kwa wenzangu ambao hamkuiona barua yake, nieleze kwa ufupi. Binti huyu anasomea ualimu. Aliandika kwa Kifaransa hadithi ya msichana anayevuka mto Ruzizi kila asubuhi kwenda kununua nyanya upande wa Kamembe, Rwanda, anarudi kuziuza Nyawera, mpaka siku anapokutana na mfanyabiashara tajiri aliyeshuka kwa boti kutoka Goma. Wanaoana, hadithi inaisha. Nakala zikazunguka, maneno yakarudi. Wasichana wa kwaya wanataka sehemu ya pili, yenye harusi kamili na gauni lake. Tantine mmoja wa Nguba, ambaye alisomewa kwa sauti kwa sababu miwani yake imevunjika, aliuliza: “Juu ya nini ule mama wa mtoto hasemi kitu?” Mama anayefanya kweli biashara ya mpakani akasema: “Hadithi iko muzuri, lakini huyo binti, pesa ya kuanza aliitosha wapi?” Jirani mmoja amenuna, hasalimii tena, anashikilia kwamba mama mlevi wa ukurasa wa tano ni yeye. Na kaka wa mwandishi, wa tumbo moja, ameandika neno moja tu nyuma ya karatasi ya mwisho: “Inachosha.”

Basi anauliza: “Yaya, nibadilishe hadithi ili wote wafurahi, ao niwaache waseme?”

Si hili wala si lile. Hadithi hiyo iache ilivyo. Ukianza kuibadilisha ili kila mmoja afurahi, utaongeza harusi kwa ajili ya kwaya, utamfuta mlevi kwa ajili ya jirani, utaharakisha kurasa kwa ajili ya kaka, na mwishoni utabaki na kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao atakayekitambua, wewe ukiwa wa kwanza. Anza nyingine. Na hiyo nyingine, nikuambie ukweli, wasomaji wako wameshakuletea nusu yake, ila imekuja imevaa nguo za malalamiko, ndiyo maana hukuijua ilipobisha hodi.

Watazame vizuri waliokujibu. Wasichana wa kwaya wanakuagiza. Tantine anakuuliza. Mama wa mpakani anakusahihisha. Jirani anakushitaki. Kaka yako anapiga miayo. Wewe umeyatia yote katika kapu moja ukaliita “kukosolewa”, ukalala ukilia.

Nianze na mama wa mpakani, kwa sababu yeye ndiye amekupa kikubwa kuliko wote, na naona kwenye barua ndiye uliyemkasirikia zaidi. Unasema: “Hii ni hadithi, si kitabu cha hesabu.” Punguza moto, mdogo wangu. Huyo mama anavuka Ruzizi na beseni kichwani tangu wewe ungali unabebwa mgongoni. Anajua saa ambayo foleni ni fupi. Anajua nani mpakani hudai kitu na nani hukuacha upite. Anajua nyanya zikilala usiku mmoja zaidi hasara inaanzia wapi. Aliposoma kwamba binti wako aliamka tu siku moja akiwa na mtaji, yule mtu aliyekuwa ameanza kumwona ndani ya karatasi zako akamtowekea. Hakukosoa Kifaransa chako, wala hakusema huna kipaji. Alikuambia kuwa nyuma ya zile pesa kuna mtu, na wewe hukumwandika. Nani alimkopesha? Ni likelemba, ile michango ya zamu ya wamama wa mtaa? Ni MUSO, kile chama cha kuweka na kukopa cha parokia? Ni mjomba mwenye masharti yake? Kila jibu hapo lina hadithi yake nzima, na hakuna hata moja ambayo ungeifikiria ukiwa peke yako na kalamu yako.

Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyetuacha Mei 2025, alipitia jambo la namna hii kule Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, nchini Kenya. Ilikuwa mwaka 1977. Tayari alikuwa mtu mwenye jina, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na riwaya zake nne za Kiingereza zilikuwa zimeshatoka. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya mchezo wa kuigiza kwa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, wakaupeleka kwa wanakijiji: wakulima, vibarua, wafanyakazi wa viwandani, watu wasio na kazi. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila apitaye anasimama anatazama, na akiona kitu hakikai sawa anasema. Na walisema! Wazee waliwasahihisha namna wazee wanavyozungumza. Wafanyakazi walieleza jinsi mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi. Mwanamke mzee asiyejua kusoma ndiye aliyewawekea sawa sehemu ya gĩtiiro, zile nyimbo za kujibizana za harusi. Wanakijiji wakajenga wenyewe jukwaa la wazi la kuketisha watu wapatao 2000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba serikali ikaupiga marufuku, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho unachoniuliza. Huko gerezani, juu ya karatasi za chooni, aliandika riwaya mpya, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka 1980, ya kwanza kuiandika kwa Kigĩkũyũ. Hakukaa kuvirekebisha vitabu vyake vya zamani. Alichukua alichokisikia Kamĩrĩĩthũ, vile watu wa kawaida wanavyocheka, wanavyotania na kupinga, akaandika kitabu kinachotaka kusomwa kwa sauti. Na kilisomwa hivyo. Familia zilikusanyika kukisikiliza, watu walikisoma ndani ya basi, na hata baa, ambako msomaji akifika penye utamu na glasi yake ikiwa tupu alikiweka kitabu chini mpaka wamjazie. (Nganda zetu, baa za mtaa wa Essence, zinangoja nini?)

Usinielewe vibaya, sikuambii uache Kifaransa. Zamenga Batukezanga aliandika Kifaransa maisha yake yote, Kifaransa chepesi, cha mtu anayekuongelea mkiwa mmekaa kibarazani, na wazazi wetu walimsoma mpaka kurasa zikachanika, ingawa baadhi ya wasomi wa chuo walimkunjia pua. Lakini nina swali. Tantine ulimsomea Kifaransa, ao ulikuwa ukimgeuzia Kiswahili huku ukiendelea? Kama ulimgeuzia, basi hadithi ya pili ilishaanza kinywani mwako bila wewe kujua. Rudia lile zoezi. Msomee tena, na safari hii jisikilize. Kuna mahali utaongeza maneno ambayo hayapo kwenye karatasi, kwa sababu uso wake unakuambia hajaona vizuri. Mahali hapo weka alama. Kuna mahali utaruka aya nzima kwa aibu, kwa sababu maneno yaliyokuwa mazuri peke yako chumbani hayasemeki mbele ya mtu mzima. Hapo weka alama mbili.

Na tantine mwenyewe sasa. Swali lake ni fupi kuliko yote na ndilo linaloniweka macho. Mama wa hadithi yako anapika, anafua, analia mara mbili, hasemi. Ukienda ukamchomekea sentensi tatu kinywani, utakuwa umetii na hukusikia. Tantine hakuomba sentensi. Alikuuliza ule ukimya unatoka wapi. Katika nyumba za huku kwetu mama hanyamazi bure. Kuna anayenyamaza kwa heshima, kuna anayenyamaza kwa hasira, kuna anayenyamaza kwa sababu ya alichokiona mwaka 1996, ao 2004, ao Februari 2025, nyakati za vita ambazo mkazi wa Bukavu hahitaji kuelezwa kuna nini ndani yake. Kuna mwingine anayenyamaza kwa sababu akifungua mdomo itabidi aseme jambo moja tu, na hilo jambo ndilo asilotaka binti yake alijue.

Liweke swali hili kando ya lile la mama wa mpakani. Pesa ilitoka wapi? Mama ananyamaza kwa nini? Katika barua yako umeyaandika mstari mmoja juu ya mwingine, na mimi nilipoyasoma hivyo nikawaza: je, kama aliyetoa pesa ni huyo huyo asiyesema? Kama zamu yake ya likelemba ilifika, zamu aliyoingojea kwa ajili ya kitu kingine kabisa, labda matibabu, labda bati za nyumba, akampa binti fungu lote bila kumwambia alichokiacha? Kisha binti anaolewa na tajiri wa Goma, vigelegele vinapigwa, na mama anabaki akiendelea kulipa zamu za wenzake kila Jumamosi. Hapo harusi ambayo kwaya wanaitaka umewapa, lakini hawataicheza walivyodhani.

Hiyo usiichukue, ni yangu, nitaiuza. Natania. Chukua ukitaka, ila ningependa utafute yako. Nimekuonyesha tu kuwa wasomaji wawili ambao hawajuani, mmoja Nguba na mwingine mpakani, wanaweza kuwa wanagusa jambo moja kutoka pande mbili. Mtu mmoja akilalamika huenda ni ladha yake. Wawili wakilalamikia sehemu tofauti, ukaona sehemu hizo zinakutana chini kwa chini, acha ulichokuwa unafanya ukae chini uandike.

Tuje kwa jirani aliyenuna. Hapa nitakupeleka Uingereza kidogo, kwa Charles Dickens, kwa sababu yalimpata mara mbili na mara zote mbili ana la kutufundisha, zuri na baya. Riwaya zake zilitoka kwa vipande, kwa hiyo watu walimfikia hata kabla hadithi haijaisha. Katika David Copperfield, mwaka 1849, alimleta Miss Mowcher, mwanamke wa kimo kifupi sana, mpambaji wa watu wakubwa, mwenye kila dalili ya kuja kufanya ubaya. Mwanamke mmoja jirani yake, mwenye kimo hicho na ambaye kazi yake ilikuwa kutunza miguu na kucha, akajitambua, akamwandikia kwa uchungu. Dickens alikubali kwamba sehemu ya umbo aliitoa kwake, na Miss Mowcher aliporudi katika vipande vya mbele alikuwa mtu mwema. Alitenda haki, nampa hilo. Ila ukisoma unaona kabisa mtu kabadilishwa njiani.

La pili linakuhusu zaidi. Katika Oliver Twist, ya miaka ya 1837 hadi 1839, kuna Fagin, mzee anayefundisha watoto kuiba, na mwandishi anamwita “Myahudi” karibu kila anapomtaja. Mwaka 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, ambaye mume wake alikuwa ameinunua nyumba ya Dickens mjini London, alimwandikia kuwa kwa Fagin amewadhulumu watu wake wote. Dickens kwanza akajitetea, kama wewe na kitabu chako cha hesabu. Lakini barua ilimwingia. Katika riwaya yake iliyofuata, Our Mutual Friend, ya 1864 hadi 1865, akamweka Riah, mzee Myahudi mpole anayetumikishwa na bwana Mkristo mwenye roho mbaya. Na mwaka 1867, Oliver Twist ilipochapishwa upya, alilipunguza sana lile neno.

Barua ya msomaji ikazaa mtu ndani ya riwaya: huwezi kupata mfano ulio wazi kuliko huo. Lakini mimi nampenda Eliza Davis, aliyethubutu kushika kalamu, kuliko ninavyompenda Riah. Riah ni mwema mno. Kila anapoingia naona ametumwa kuja kuomba radhi, na mtu aliyetumwa hana mambo yake mwenyewe. Fagin ni mwovu na ameandikwa kwa dhuluma, lakini ukifunga kitabu bado unamwona amesimama mbele ya moto na soseji zake. Riah, itabidi urudi kutafuta alifanya nini.

Kwa hiyo usimwandikie jirani yako mama mtakatifu asiyegusa pombe, anayelea yatima na kuongoza kwaya. Radhi muombe kwa mdomo, mlangoni kwake, kwa miguu yako, na kilo ya sukari mkononi kama ulivyolelewa. Mwambie hukumkusudia yeye, na kama ulimkusudia kidogo, mwambie hivyo pia. Hayo ni mambo ya ujirani, yaishie uani. Ya kuandika ni mengine. Siku ukishapoa jiulize kwa nini mama huyu alijiona katika mlevi wa mistari minne ambaye, kwa maelezo yako, hana jina lake, hana mavazi yake, wala hanywi anachokunywa. Pengine anaamini mtaa wote unamtazama hivyo. Mwanamke anayejikuta katika hadithi isiyomhusu: kuna kitu hapo. Usikiguse sasa. Na siku ukikigusa, mhamishe mtaa, kazi, umri na sura, mpaka hata mimi niliyeisoma barua yako nisimjue.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo ambalo nalisema kwa wote mnaoandika juu ya vita, na huku kwetu mko wengi. Dunia nzima inaijua hospitali ya Panzi tangu Daktari Denis Mukwege, aliyeianzisha mwaka 1999, apewe Nobeli ya Amani mwaka 2018, na kila kijana mwenye kalamu anahisi ana deni la kuwaandika wanawake walioumizwa vitani wakatibiwa pale. Itatokea siku moja mtu asome hadithi yako ya kubuni, alie, akuvute pembeni, akuambie yaliyompata yeye. Huo si mchango kwa hadithi yako ijayo. Mtu huyo amekuamini wewe, hakuiamini kalamu yako. Kaa naye, msikilize, mtafutie msaada kama anautaka, na usiandike hata neno ukifika nyumbani. Yeye mwenyewe akija baadaye akasema “iandike”, muulize tena siku nyingine, akiwa na watu wake, na umweleze nani ataisoma. Nimeona hadithi nzuri sana zilizomwacha mwenye kisa hana pa kujificha sokoni. Uzuri wake haukumsaidia.

Wasichana wa kwaya hawanipi kazi kubwa. Wanataka walichokwisha kukipata, kiongezwe. Arthur Conan Doyle alichoka na mpelelezi wake Sherlock Holmes, akamuua mwaka 1893. Wasomaji walimjia juu kwa hasira, yeye akakaza shingo karibu miaka minane. Mwaka 1901 akamleta tena, kwa ujanja, katika kisa kinachotokea kabla ya kifo, na 1903 akamfufua kabisa, malipo yakiwa manono. Kisa hicho cha 1901, The Hound of the Baskervilles, ni kizuri mno, kwa hiyo siwezi kusema kuwatii wasomaji ni kosa siku zote. Ila yeye alirudi alipopata kisa kipya cha kusimulia. Kelele peke yake hazikumrudisha mapema. Wewe una kisa gani juu ya gauni? Kama huna, waambie harusi ilikwenda vizuri na wali ulitosha.

Kaka yako asikuumize kichwa. Muulize alichoka ukurasa wa ngapi. Akisema wa kwanza, hasomi. Akisema wa tisa, uangalie wa nane.

Sasa nikugombeze kidogo. Uliwauliza wote swali lile lile: “Imekupendeza?” Watu wa huku tuna adabu, mtu atakujibu “iko muzuri” hata kama aliwashia moto. Waliokuambia kitu cha maana walikiambia licha ya swali lako. Uliza: ulisimama wapi ukaweka karatasi chini? Baada ya kumaliza ulimkumbuka nani? Ni nani ungependa kumjua zaidi? Kisha nyamaza. Usieleze ulimaanisha nini. Mwandishi akianza kujieleza, msomaji anaanza kumhurumia, na mazungumzo yanakwisha hapo.

Bora zaidi, wakalishe pamoja. Radio Maendeleo ya hapa mjini, iliyoanza mwaka 1993, ilijenga vikundi vya wasikilizaji mitaani na vijijini, radio-klabu tunavyoviita. Watu wanakaa, wanasikiliza, wanabishana, na yanayowakera yanarudi redioni yakawa mazungumzo mapya. Kinachonivutia katika vikundi vya namna hiyo ni kwamba watu wanajibizana wao kwa wao. Mmoja akisema “mama huyo ni mjinga”, mwingine anaruka: “Mjinga? Wewe ungefanya nini?” Na hapo wanaanza kusema waliyofanya wao. Huo ni wakati wa wewe kumimina chai na kufunga mdomo.

Na msikilizaji mmoja tu, akijua kuuliza, anaweza kutosha. Huko Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akiuza picha kwa familia za kawaida, za kutundikwa sebuleni. Akakutana na Johannes Fabian, msomi aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, ambaye hakununua tu akaondoka. Alimuuliza. Tshibumba akamweleza, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kwamba anachotaka hasa ni kuichora historia ya nchi nzima. Akaendelea kuleta picha kwa mafungu katika 1973 na 1974, kila moja ikiwa na mazungumzo yake yaliyorekodiwa, mpaka zikafika zipatazo 100. Mwaka 1996 Fabian alizitoa zote katika kitabu kimoja pamoja na maneno ya mchoraji. Sidhani kama Fabian alimpa wazo. Tshibumba alikuwa nalo. Ila sebule za watu zilikuwa zikimwagiza picha moja moja, na huyu alikuwa na nafasi ya kusikiliza zote. Mtafute mtu wa namna hiyo katika maisha yako, mdogo wangu. Mara nyingi si rafiki yako wa karibu, na karibu kamwe si mchumba.

Wanayosema yaandike kwenye daftari, kama yalivyotamkwa, “iko muzuri” ibaki “iko muzuri”, maana ukishayanyoosha yawe Kifaransa cha darasani utapoteza sauti, na sauti ndiyo utakayoihitaji. Lakini jina la mtu usiandike. Hata herufi ya kwanza. Kwa siku hizi tulizomo, daftari lenye majina ya watu na waliyoyasema juu ya askari, kodi ao mpaka ni kitu cha kukuletea shida wewe na kuwaletea wao zaidi. Andika “mama wa nyanya”, “mwenye miwani”. Utawakumbuka.

Halafu liache daftari. Usianze kuandika wiki hiyo hiyo ukiwa bado unabishana na watu kichwani. Fua, pika, nenda masomoni, uone ni neno la nani linalokufuata mpaka kwenye foleni ya maji. Hilo ndilo. Mengine yote, hata ya kweli, yatakaa daftarini, na si dhambi. Hulazimiki kumjibu kila mtu aliyekusoma.

Ukimaliza hiyo ya pili, usimpelekee tantine kwanza, atafurahi mno. Mpelekee mama wa mpakani, na umuombe akukatize kila mahali ambapo pesa haijulikani ilikotoka.

Kijana wa Bagira, nawe barua yako nimeiona, swali lako ni fupi na jibu langu ni fupi. Umeuliza kama mtu aliyekupa wazo la hadithi anastahili kulipwa. Kwa swali ama neno alilokuambia, hapana, msomee yeye kabla ya wengine, inatosha. Kwa kisa chake kizima, ndiyo: kama unakituma kwenye shindano lenye zawadi, kubalianeni fungu lake kabla hujatuma, mbele ya mtu wa tatu, na si baada ya matokeo.